Tone la Mwisho: Kutambua Kiashiria Kizuri cha Kwinini

Kutoka Gashonga, Rwanda, ukishuka hadi mpaka wa Kongo, ng'ambo ya mto Rusizi ni Bukavu, ambako kiwanda cha Pharmakina kimetengeneza kwinini kutokana na magome ya sinkona. Dawa hiyo ni kipimo kizuri cha jicho la mkemia.

Molekuli ya kwinini ina naitrojeni mbili zenye tabia ya besi. Kwenye maji moja huonekana wazi, ya pili hufifia kwa udhaifu wake. Kwenye asidi asetiki isiyo na maji, zote mbili huipokea asidi ya perikloriki kikamilifu. Njia hiyo ya titresheni, yaani kupima besi kwa kudondosha asidi, ilifunguliwa na wakemia Hall na Conant mwaka 1927.

Kiashiria kinachotumika sana kuonyesha mwisho wa titresheni hiyo ni kristali vayoleti. Asidi inapoongezeka huanza zambarau, huwa buluu, buluu-kijani, kijani, kisha njano. Usisubiri kijani kwa kila dawa! Besi yenye nguvu huishia kwenye buluu. Iliyo dhaifu sana ndiyo inayofika kijani. Mara ya kwanza tumbukiza elektrodi, uangalie rangi iliyopo pale volti inaporuka ghafla. Hiyo ndiyo rangi yako, iandike.

Kwa sulfeti ya kwinini mimi napendelea nafitolibenzeini, kwa kuwa haina vituo vingi vya rangi njiani. Ijaribu kabla ya kuiamini: kwenye mililita 50 za asidi asetiki kavu weka mililita 0.25 za kiashiria, upate manjano yenye ukahawia. Mililita 0.05 za perikloriki ya 0.1 M, yaani tone moja tu, zinatakiwa kuigeuza kijani. Ikihitaji zaidi, imwage.

Rangi ikijivuta polepole, shuku maji kwanza: nayo ni besi, yanagombania asidi. Kausha vyombo, na tumia anhidridi ya asetiki kuondoa maji yaliyobaki. Usimimine kiashiria kwa wingi ili rangi ikolee, maana kristali vayoleti yenyewe hula asidi. Pima pia joto la bureti, kwa sababu asidi asetiki hutanuka takriban asilimia 0.11 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na asubuhi ya milimani si sawa na adhuhuri.

Mililita moja ya perikloriki ya 0.1 M ni sawa na miligramu 24.90 za sulfeti ya kwinini isiyo na maji. Kwa sampuli ya miligramu 200, tone moja lililozidi ni kosa la asilimia 0.6.