Sitiari ya Fuwele na Fundi Aliyefutwa

Wahakiki wa sanaa wanapoyaeleza makanisa ya kale ya Armenia, aghalabu huyafananisha na fuwele au na mwamba uliochipuka mlimani. Sitiari hizi zina mashiko: kanisa la Hripsime, la mwaka 618, lina nyuso bapa, pembe kali na paa lililochongoka. Hata hivyo, fuwele hujiumba yenyewe na mwamba hauna mjenzi. Sitiari hukweza kazi huku ikimfuta fundi. Aidha, huuficha ujenzi wenyewe. Kinachoonekana kuwa jiwe moja ni vibamba vya tufu, jiwe la volkano, vilivyofunika kiini cha mawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Umoja huo ni zao la ustadi, si la ardhi. Hata huko Geghard, ambako makanisa kadhaa yalichongwa ndani ya mwamba katika karne ya 13, mwamba haukujichonga. Trdat, msanifu wa kanisa kuu la Ani lililokamilika mwaka 1001, ndiye aliyelijenga upya kuba la Hagia Sophia, Constantinople, lililoporomoka kwa sehemu katika tetemeko la mwaka 989. Mlima hauwezi kukabidhiwa kazi kama hiyo. Mhakiki hana budi kuteua sitiari inayomwachia fundi nafasi yake.