Silikoni Haitibu Sanrufu Inayovuja

Mvua za vuli zikianza Karagwe na Kyerwa, kuna ushauri mmoja utausikia gereji, kwenye magrupu ya WhatsApp, na hata kwa jirani asiyemiliki baiskeli: "Sanrufu inavuja? Paka silikoni, kazi imeisha." Leo naomba tuukosoe ushauri huu kama tunavyokosoa dai lolote la kisayansi. Unadai nini? Ukiwa kweli, tutegemee kuona nini? Na je, ndicho tunachokiona?

Nina sababu zangu za kuushikia bango. Gari la shemeji yangu huko Kyerwa lilianza kudondosha maji karibu na taa ya ndani. Fundi alipuliza upepo wa kompresa kwenye matundu yaliyo pembeni mwa kioo cha paa, kisha akapaka silikoni kuzunguka kioo chote. Maji yakakoma kudondoka. Shemeji akalipa, akashukuru, akamsifu fundi kwa majirani.

Wiki chache baadaye vioo vya milango vikaanza kugoma, taa ya airbag ikawaka na haikuzimika, na gari likanuka kama gunia la maharage lililolala kwenye maji. Tulipofunua kapeti upande wa abiria wa mbele, sponji ya chini yake ilikuwa imelowa chepechepe, na viunganishi vya waya vimeota ukungu wa kijani. Maji hayakuwa yameacha kuingia. Yalikuwa yamebadilisha njia tu. Hilo ndilo gari linalompeleka bibi kliniki, kwa hiyo kwetu halikuwa jambo la kucheka.

Tuanze na dai lenyewe. Anayesema "ziba" anaamini kwamba sanrufu nzima haipitishi maji kabisa, na ikipitisha imeharibika. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Raba inayozunguka kioo kazi yake ni kupunguza maji. Kiasi kinachopenya hupokelewa na mfereji uliopo chini ya kioo, ambao kwenye pembe zake una matundu, kwa kawaida manne. Kila tundu limeungwa na mpira mwembamba. Mipira ya mbele hushuka ndani ya nguzo zinazoshika kioo cha mbele, ikatokea karibu na bawaba za mlango au nyuma ya fenda. Ya nyuma hushuka ndani ya nguzo za nyuma hadi karibu na tairi au bampa. Yaani mtengenezaji alijua kabisa kwamba maji yataingia, akayaandalia njia ya kutoka.

Fikiria nyumba yenye mfereji wa kuvuna maji ya bati. Mfereji ukijaa majani, maji hufurika na kulowesha ukuta. Hakuna mtu mwenye akili zake atakayepanda juu kuanza kuziba bati. Atatoa majani.

Hebu tupige hesabu kidogo. Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye eneo la mita moja ya mraba, huleta lita 1 ya maji. Chukua kioo cha sanrufu chenye sentimita 80 kwa 45, ambacho ni mita za mraba 0.36. Mvua ya milimita 30 kwa saa, ambayo kwetu si ajabu, itamwaga juu ya kioo hicho lita 10.8 kwa saa. Tuchukulie raba ni nzuri na inazuia asilimia 95. Bado zaidi ya nusu lita itapenya kila saa, na hapo sijahesabu maji yanayotiririka kutoka sehemu nyingine za paa. Mipira ikiwa mizima, nusu lita hiyo huishia chini ya gari bila wewe kujua. Ikiziba, mfereji hujaa, kisha maji hutafuta njia kwenye kitambaa cha dari.

Sasa tuyapime mawazo mawili kwa kile yanachotabiri. Kama tatizo ni raba, maji yanapaswa kuingia mahali raba ilipochoka, gari lipaki vyovyote. Kama tatizo ni mpira ulioziba, upande unaovuja utabadilika kufuatana na mteremko, kwa sababu maji hukusanyika kwenye pembe iliyo chini. Milima ya Karagwe na Kyerwa imetupa maabara ya bure kwa jaribio hili, maana kupata pa kupaki palipo sawa ndiyo kazi. Shemeji alikuwa akipaki gari likiangalia bondeni, na maji yalidondoka mbele. Usiku mmoja wa mvua alipaki likiangalia juu, na hakikudondoka kitu. Alidhani silikoni haihitajiki tena au gari limejiponya. Kumbe gari lilikuwa linamwambia ni mpira upi umeziba.

Na kwa nini silikoni ilionekana kufanya kazi? Kwa sababu fundi alifanya mambo mawili kwa mpigo. Upepo wa kompresa una nguvu nyingi, na ule mpira haukuunganishwa kwa kutegemea nguvu hiyo. Upepo ulisukuma uchafu, lakini pia ulichomoa mpira kwenye kiungo chake ndani ya nguzo. Kuanzia hapo mfereji haukujaa tena, dari ikakauka, na maji yakawa yanashuka kimyakimya hadi chini ya kapeti. Silikoni yenyewe ilikuwa imeshaanza kubanduka pembeni, kwa sababu bodi la gari hucheza barabarani na jua huitanua na kuisinyaza. Aliyesifiwa ni silikoni, aliyesimamisha matone ni kompresa, na kompresa hiyohiyo ndiyo iliyoleta balaa kubwa zaidi. Ukibadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja, huwezi kujua kipi kimefanya nini. Hili tunafundishwa darasani kila siku, lakini gereji tunalisahau.

Kuna utetezi mwingine nausikia sana: "Magari haya ya Japani hayakutengenezwa kwa mvua zetu." Hapana. Tokyo hupata takriban milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na Karagwe haifikii hapo. Kinachotutofautisha ni vumbi. Kati ya Juni na Agosti mvua hupotea, msimu wa kahawa malori yanapishana, na barabara za kuingia vijijini hutimua vumbi jekundu ambalo hutua hadi kwenye mfereji wa sanrufu. Ongeza vijani vya mgrevilea, mti tunaoupenda kwenye mashamba ya kahawa na tunaopenda kupaki chini ya kivuli chake. Mvua ya kwanza ikija, mchanganyiko huo unakuwa udongo wa kufinyangia vyungu, na unashuka moja kwa moja kwenye matundu.

Nisiwaonee mafundi. Raba iliyochanika kweli hupitisha maji mengi, na dawa yake ni kuibadilisha. Fremu ikiwa na ufa, gundi maalumu ya kuziba ina kazi halali pale. Pia sisi wateja tuna lawama. Tunalipa kile tunachokiona. Silikoni nyeusi inayong'aa inaonekana, lakini nusu saa ya kumwaga maji kidogokidogo na kuchungulia chini ya gari tunaiita "hajafanya kitu". Kwa malipo ya namna hiyo, fundi atachagua nini?

Basi, kabla hujalipa, fanya jaribio hili. Unahitaji kikombe cha maji na mtu mmoja wa kukusaidia. Paki mahali palipo sawa kadiri unavyoweza, fungua sanrufu, futa mfereji kwa kitambaa, kisha mimina maji taratibu, robo kikombe, kwenye pembe moja tu. Msaidizi aangalie chini ya gari upande huo. Yakitoka nje ndani ya sekunde chache, mpira huo ni mzima. Yakisimama kwenye mfereji, umeziba. Yakipotea lakini hayaonekani nje, acha kumimina hapohapo, maana mpira umechomoka au umepasuka na maji yanaingia ndani ya gari. Rudia pembe zote nne, moja baada ya nyingine. Gari la shemeji lilikuwa na jibu la tatu, pembe ya mbele kushoto.

Mpira ulioziba uzibue kwa uzi mnene wa nailoni, kama wa milimita 2, uliolainishwa ncha kwa moto. Sukuma polepole, zungusha, kisha suuza kwa maji kidogo. Usitumie waya wa breki ya baiskeli, utatoboa mpira. Kompresa iache ijaze matairi. Mpira uliochomoka unahitaji fundi afungue ganda la nguzo, na hapo mwambie achomoe betri kwanza, kwa sababu kwenye baadhi ya magari airbag ya pembeni hupita humo humo. Kapeti nayo iinuliwe ikaushwe juani, kwa sababu sponji ya chini hukaa na unyevu siku nyingi hata juu pakiwa pakavu.

Na kabla ya yote, hakikisha mhalifu ni sanrufu kweli. Kapeti ikilowa siku za jua ukiwa umewasha kiyoyozi, angalia kwanza mpira wa kutolea maji ya kiyoyozi. Maji yakiwa na rangi na yanateleza vidoleni, huenda ni ya rejeta, kutoka kwenye kipasha joto cha ndani. Kioo cha mbele kilichobandikwa vibaya nacho huvujisha, na vilevile boliti za keria.

Gari la shemeji sasa ni kavu. Mpira ulirudishwa kwenye kiungo chake kwa kazi ya asubuhi moja. Viunganishi vya waya ndivyo vilivyokula pesa, na taa ya airbag ilizimika baada ya safari ya pili kwa fundi umeme. Ile silikoni tuliikwangua kwa kucha na kadi ya zamani ya simu, kazi ya jioni nzima.

Kwa hiyo, siku ukiambiwa "paka silikoni", muulize fundi swali moja kwa heshima: "Umemwaga maji kwenye pembe ipi, na yametokea wapi?" Kama hana jibu, bado hajaanza kutafuta.