Hospitali ikipimwa kwa waliopona tu, nani anakataliwa?

Mgonjwa wa figo anayetoka kwetu Bujonde kwenda kusafishwa damu Mbeya anasafiri zaidi ya kilomita 100, na kazi hiyo hurudiwa mara mbili au tatu kwa wiki. Kinachoweza kumtoa barabarani ni figo mpya. Muhimbili ilianza kupandikiza Novemba 2017, Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018. Kwa hiyo nani anakubaliwa na nani anarudishwa nyumbani ni swali letu pia. Ila tuanzie Marekani, maana wao wameshakosea kwa niaba yetu.

Mwaka 2007 bima yao ya serikali, Medicare, iliweka sharti. Vifo na figo zilizogoma ndani ya mwaka 1 vikizidi mara 1.5 ya vilivyotarajiwa, na pengo likiwa si la bahati tu, hospitali inaweza kukatiwa malipo. Inasikika vizuri, si ndiyo? Sasa angalia: hesabu inaanza baada ya upasuaji. Aliyefia kwenye foleni haharibu alama za mtu. Figo iliyokataliwa nayo haimo.

Kama umesoma shule inayowazuia wanafunzi dhaifu wasifanye mtihani ili ufaulu uonekane mkubwa, unaujua mchezo huu. Mimi nimesoma moja.

Tuwe wa haki: "vilivyotarajiwa" vilirekebishwa kulingana na umri wa mgonjwa na hali ya figo. Lakini daktari anayepigiwa simu usiku kuhusu figo ya marehemu wa miaka 65 aliyekuwa na presha hawazi takwimu, anawaza alama za kituo chake. Watafiti waliona vituo vilivyonyooshewa kidole vikipunguza upandikizaji. Wakati huohuo takriban figo 1 kati ya 5 zilizotolewa kwa marehemu zilitupwa, na baadaye ikakaribia 1 kati ya 4. Siitupii kanuni lawama zote, zipo figo mbovu kweli. Ila kwa wagonjwa wengi, hata figo isiyo kamili ni afadhali kuliko mashine. Sharti lile liliondolewa 2019 kwa vituo vilivyokwisha kusajiliwa, na tangu Julai 2025 hospitali 103 zinapimwa pia kwa idadi ya wanaopandikizwa.

Usinielewe vibaya, sisemi usimamizi ufutwe. Aprili 2025 Wizara ya Afya ya Kenya ilisimamisha upandikizaji katika hospitali ya Mediheal, Eldoret, kufuatia tuhuma za biashara ya figo. Jicho la serikali linahitajika. Ugomvi wangu ni kile linachokitazama.

Hapa kwetu mtoaji ni ndugu aliye hai, kwa hiyo kukataa hakuachi figo kwenye ndoo. Kunafanyika kimyakimya, kwenye meza ya daktari: presha ya mtoaji, uzito, umri wa mgonjwa. Mara nyingi sababu ni halali kabisa. Lakini tukija kutangaza asilimia ya waliopona peke yake, hatutajua ni lini daktari alimlinda mtoaji na ni lini alizilinda alama. Ndugu wawili wakitoka Kyela, wakapimwa Dodoma, wakarudishwa, safari hiyo iandikwe mahali, pamoja na sababu.