Kabla Mchanga Haujatikiswa

Tarehe 16 Juni 1964 tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Niigata, Japani, na katika mtaa wa Kawagishi-cho maghorofa ya zege yakainama mazimamazima. Moja lililala kiasi kwamba wakazi walitoka kwa kutembea juu ya ukuta wake. Zege lilikuwa zima. Kilichoishiwa nguvu ni mchanga mlegevu uliojaa maji chini ya msingi.

Aliyewahi kupima mchele kwa pishi anajua kwamba ukikitikisa chombo, nafaka hushuka. Mchanga nao ukitikiswa hutaka kushuka, lakini mianya yake imejaa maji, na kwa sekunde zile chache maji hayapati pa kutokea. Shinikizo lake hupanda mpaka likaubeba mzigo wote ambao punje zilikuwa zinabebeshana. Punje zikishaachana, ardhi hutiririka.

Mwaka 1966, huko Berkeley, Marekani, H. Bolton Seed na Kenneth Lee walieleza jinsi walivyoliona jambo hili maabara. Walichukua mche wa mchanga uliolowa chapachapa, wakaukandamiza na kuuvuta kwa zamu, kwa nguvu ileile. Kwa mizunguko mingi umbo lake halikubadilika, huku shinikizo la maji likipanda ndani kimyakimya. Kisha, ghafla, mche ukalegea wote.

Lakini mche si uwanda. Nguvu ya mchanga hutokana na uzito unaoulalia, na sentimita 20 za mchanga mezani hazibebi uzito wa mita 10. Ndiyo maana wahandisi hulifunga sanduku la mchanga kwenye mkono wa sentrifuji, kama ule wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wenye urefu wa takriban mita 9, wakauzungusha mpaka kila punje ina uzito mara 50 ya kawaida. Hapo sentimita 20 huwa kama mita 10, na tetemeko la sekunde 20 hupita kwa sekunde 0.4.

Mimi huvutiwa zaidi na kazi inayotangulia mzunguko huo. Mchanga mkavu hunyunyizwa kama mvua kutoka kwenye chombo kinachopitishwa juu ya sanduku, huku na huko, na kila tabaka likiongezeka chombo nacho huinuliwa ili kimo cha kuangukia kisibadilike. Kimo kikizidi, punje hushindiliana. Kikipungua, hulegea, na tofauti ndogo ya mshindilio inatosha kubadili jibu zima. Vipimashinikizo vidogo hulazwa katikati ya tabaka, nyaya zake zikielekezwa pembeni zisije zikaufunga mchanga.

Kisha huingizwa maji, na hapa haraka haina nafasi. Hewa hufyonzwa, kaboni dayoksaidi hupitishwa kwa sababu huyeyuka majini kwa urahisi, halafu kimiminika huachwa kiingie kidogokidogo. Mapovu yakibaki, hubonyea na kulipunguza shinikizo, na mchanga ukaonekana imara kuliko ulivyo. Tena hayawi maji matupu: huchanganywa na unga wa methiliselulosi ili mnato wake ufike mara 50 ya ule wa maji. La sivyo yangetoroka upesi mno, kwa kuwa ndani ya sanduku hilo muda wa mtikiso na muda wa maji kupenya mchangani havipungui kwa kiwango kimoja.

Upande wa hesabu, unaojaribu kubashiri tabia ya mchanga kwa modeli, nao una ustadi wake. Mchanga ulioshiba maji hulegea, kisha ukisukumwa zaidi punje hupandana, mianya hupanuka, shinikizo hushuka na nguvu hurudi kwa muda. Modeli ya Yannis Dafalias na Majid Manzari ya mwaka 2004 ilibeba hata kumbukumbu ya mpangilio wa punje: mchanga uliokwisha kupanuka hivyo, mwelekeo ukigeuzwa, hulegea kwa kasi zaidi.

Ninachokiheshimu kuliko vyote ni kwamba watu hawa hukubali kupimwa. Katika mradi wa LEAP, mwaka 2017, vituo tisa vya sentrifuji vilijaribu mteremko wa aina moja kwa mchanga uleule wa Ottawa, nao wanahesabu walitoa ubashiri wao kabla ya kuoneshwa matokeo. Kukisia jinsi shinikizo litakavyopanda kumekuwa kwepesi kuliko kukisia mteremko utasogea kiasi gani. Na ardhi inapotulia baadaye, maji yakiwa yanatoka, modeli nyingi bado huonyesha mdidimio mdogo kuliko unaopimwa sandukuni.