Picha ya Nafsi na Sarufi ya Kiingereza

Kumfundisha mtu lugha ya kigeni kwa msaada wa picha si jambo jipya. Mwaka 1658 Comenius, mwalimu mzaliwa wa Moravia, alitoa kitabu chake "Orbis Sensualium Pictus", ambamo kila sanamu iliandamana na maneno ya Kilatini na ya Kijerumani, ili mwanafunzi akione kitu ndipo alikariri jina lake. Mwaka 1945 I. A. Richards na Christine Gibson walitoa kitabu kilichokuja kujulikana kwa jina la "English Through Pictures", chenye michoro ya mistari mitupu na sentensi za Kiingereza, pasipo neno la lugha nyingine. Walakini katika vitabu hivyo mwanafunzi aliletewa sanamu zilizokwisha kuchaguliwa na mwalimu. Kazi yake ilikuwa kutazama na kufuatisha. Lililo jipya katika zama zetu ni kwamba kamera imetiwa mkononi mwa mwanafunzi, naye akaambiwa aanze na sura yake mwenyewe.

Miongoni mwa walioieneza njia hii, wa kutajwa kwanza ni Bibi Wendy Ewald, mpiga picha wa Marekani. Tangu mwaka 1975 hata 1982 aliwafundisha watoto wa milima ya Kentucky kupiga picha na kuzisafisha wenyewe, wakieleza nafsi zao, jamaa zao, mazingira yao na ndoto zao. Kazi hiyo ilitolewa mwaka 1985 katika kitabu "Portraits and Dreams". Karibu na mwaka 1990 mpango wake wa kufundisha kusoma na kuandika kwa njia ya picha uliingia katika shule za mji wa Durham, North Carolina, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Duke. Na kabla ya mwaka 2010 ulikwisha kufika Arusha. Kwa hiyo jambo hili latuhusu sisi wasomi wa Kiswahili, wala si habari ya ng'ambo tu.

Fadhila za njia hii ni dhahiri. Mtoto akiamriwa "Andika habari zako", aghalabu huduwaa. Akiwekewa mbele yake picha aliyoipiga mwenyewe, hupata la kusema, kwa kuwa analijua kuliko mwalimu wake. Tena msamiati hutoka kwake. Katika "American Alphabets", kitabu cha mwaka 2005, Bibi Ewald aliwaachia watoto wa jamii mbalimbali, wakiwamo wasemao Kispaniola na Kiarabu, wachague wenyewe neno la kila herufi. Hilo ni jambo la maana. Vitabu vingi vya lugha huanza na maneno ambayo mtungaji ameona yafaa, na mtoto hukariri majina ya vitu asivyopata kuviona.

Lakini yafaa tutenge mambo mawili ambayo wanaousifu mpango huu huyachanganya. Watoto wa Kentucky walikuwa wakisema Kiingereza tangu kuzaliwa. Walichohitaji ni kukiandika. Mtoto wa Arusha anayo maneno tele juu ya picha yake, ila maneno hayo ni ya Kiswahili, au ya Kimaasai, au ya Kimeru. Huyu hakosi la kusema. Anakosa sarufi ya kulisemea. Picha yaweza kumpa wa kwanza karibu yote anayohitaji. Wa pili yampa nusu tu, na nusu iliyobaki ni kazi ya mwalimu azijuaye sarufi mbili.

Tutazame mfano ulio katika jina la kitabu cha Bibi Ewald na Bibi Alexandra Lightfoot cha mwaka 2001: "I Wanna Take Me a Picture". Hiki ni Kiingereza cha milimani, na mwalimu wa shule angekitia wino mwekundu. Neno "me" hapo halina maana ya kwamba msemaji ndiye atakayeonekana pichani. Maana yake ni kwamba apiga picha kwa ajili ya nafsi yake. Mswahili halioni jambo hili kuwa geni hata kidogo. Sisi twasema "nataka nijipigie picha", na hiyo ni mbali na "nataka nijipige picha". Kiambishi kimoja cha kauli ya kutendea kinatenga anayejipatia picha na anayejifanya kuwa picha. Basi lile linalohesabiwa kosa katika Kiingereza cha shule lina utaratibu wake, na msemaji wa Kiswahili ana njia ya kulielewa kuliko hata Mwingereza wa mjini. Lakini utaratibu huo hauonekani pichani. Hujulikana kwa kulinganisha maneno.

Hapo hapo yatokea tofauti nyingine. Kiambishi chetu -ji- hakibadiliki: nilijipiga picha, Juma alijipiga, Asha alijipiga, tulijipiga. Kiingereza hudai "myself", "himself", "herself", "ourselves", kila neno likifuata nafsi, idadi, na mara nyingine jinsia. Mwanafunzi mwenye picha yake peke yake atajifunza neno la kwanza tu. Kwa hiyo kamera haina budi kuzunguka darasani, kila mmoja aeleze picha ya mwenziwe aliyejipiga, ndipo lile "yeye" letu lisilobagua mume na mke litakapogawanyika mara mbili mbele ya macho yake.

Jambo zito zaidi ni wakati wa kitenzi. Mtoto aitazama picha yake na kusema: "Nimesimama mlangoni, nimevaa shati jeupe, nimeshika kitabu." Kiswahili hapa ni safi kabisa, kwa kuwa kiambishi -me- huonyesha hali inayodumu baada ya tendo kwisha. Lakini mtoto huyo amefundishwa kwamba -me- ni "have", naye huandika "I have stood at the door", ilhali Kiingereza hutaka "I am standing", "I am wearing", "I am holding". Hakukosa kwa uvivu; amekosa kwa sababu aliitii kanuni aliyopewa. Akieleza picha nyingine, "ninacheka" au "ninakimbia", hufuzu bila taabu, maana hapo -na- na "-ing" zaenda pamoja. Taabu imo katika vitenzi vya hali ya mwili: kukaa, kulala, kuinama, kuegemea, na picha za nafsi zimejaa vitenzi hivi hivi, kwa kuwa anayepigwa picha aghalabu hutulia. Kwa hiyo zoezi linalodhaniwa kuwa jepesi kuliko yote ndilo linalomtumbukiza mwanafunzi katika mahali pagumu.

Dawa imo ndani ya kamera yenyewe. Mwanafunzi na apige picha mbili: moja akiwa katika kukaa, mwili haujafika kitini, na ya pili akiwa amekwisha kutulia. Ya kwanza ni "ninakaa", ya pili ni "nimekaa". Chini yake aandike Kiingereza: "I am sitting down", kisha "I am sitting". Ataona kwamba Kiswahili kimetenga picha hizi kwa kiambishi cha wakati, na Kiingereza kimezitenga kwa neno lililoongezwa. Somo hilo halisahauliki, lakini lisingaliwezekana kama Kiswahili kingalifukuzwa darasani.

Katika msamiati pia picha ina mitego yake. Katika "The Best Part of Me", kitabu cha mwaka 2002, kila mtoto alichagua kiungo cha mwili wake akipendacho, kikapigwa picha, naye akaandika juu yake. Zoezi hili ni zuri mno. Walakini Mswahili aliyechagua mkono wake itampasa kwanza aamue kama achagua "hand" au "arm"; na wa mguu, "foot" au "leg". Sisi twayo maneno kama kiganja na wayo, bali katika mazungumzo ya kila siku mkono ni mkono, tangu bega hata ncha za vidole. Na vidole navyo, kwetu ni vidole mahali pote, kwa Mwingereza vya mkononi si "toes". Hata maneno "picha yangu" yana maana tatu: niliyo nayo, niliyoipiga, na inayonionyesha. Kiingereza hutenga "a picture of mine" na "a picture of me". Na katika picha ya nafsi maana zote tatu hukutana, kwa hiyo tofauti hufichika hapo hapo tunapodhani imeonekana.

Tena yako mambo ambayo kamera haiyawezi. Haiwezi kukanusha: hakuna picha ya "sikuja". Haiwezi kuonyesha kwa nini mti ule ule ni "a tree" ukitajwa kwanza na "the tree" ukirudiwa. Watoto wa Kentucky waliigiza ndoto zao mbele ya kamera, na picha zikatoka zikionyesha yasiyokuwa. Lakini ni maandishi peke yake yatuambiayo kwamba ni ndoto. Penye -nge- na -ngali- picha hunyamaza.

Kwa kuyapima hayo yote, naona njia hii yastahili kupokewa, kwa sharti moja: chini ya kila picha ziandikwe sentensi mbili, ya Kiswahili kwanza na ya Kiingereza baadaye, na mwalimu afundishe katika nafasi iliyo baina yake. Walioshika njia ya Richards na Gibson watasema kwamba tafsiri humchelewesha mwanafunzi. Lakini mtu atazamaye sura yake mwenyewe amekwisha kusema moyoni kabla ya kushika kalamu. Kumkataza asiliandike neno lile si kulifuta, ni kulificha lisisahihishwe.

Wala hili si jambo dogo. Mtoto wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili hufika Kidato cha Kwanza akakuta masomo karibu yote kwa Kiingereza. Akiandika "I have stood" na kupewa alama ya kosa bila maelezo, hujifunza kwamba akili yake ndiyo mbovu, na tangu hapo hunakili ubaoni. Leo vijana wengi hujipiga picha kwa simu kila siku, na kamera si haba tena kama ilivyokuwa mwaka 1975. Kilicho haba ni mwalimu awezaye kumweleza kijana kwamba "nimesimama" ni sentensi sahihi, na kwamba Kiingereza hulitamka jambo lile lile kwa mpango mwingine.