Jina Linalotangulia Kipimo: Uhakiki wa Istilahi za Maradhi ya Kujamiiana katika Nchi ya Majani Chai

Istilahi haiundwi kwa ajili ya kamusi peke yake. Huundwa ili itumike, na ubora wake hupimwa kwa kutazama jinsi inavyomfaa yule anayeihitaji. Kwa istilahi nyingi za sayansi, kosa la mfasiri huishia darasani, ambako mwalimu hulisahihisha kwa chaki. Lakini ziko istilahi ambazo kosa lake hulipwa na mwili wa msikiaji, na miongoni mwa hizo ni zile zinazotaja maradhi yanayoambukizwa kwa kujamiiana. Makala haya yanakusudia kuzihakiki istilahi hizo katika mazingira ambamo uzito wake huonekana wazi, yaani mashamba ya majani chai ya Kericho na Bomet. Hoja yake ni kwamba msamiati uliozoeleka humtaka mtu akiri kosa kabla hajapimwa damu, na kwamba sharti hilo humpotezea muda ambao tiba haiwezi kumrudishia.

Kwanza yafaa kuyaeleza mazingira yenyewe. Mashamba makubwa ya Kericho yalianza kustawishwa katika miaka ya 1920, na tangu wakati huo yamewakusanya wafanyakazi kutoka pande nyingi za Kenya. Katika kambi moja Mkipsigis hupakana na Mjaluo, Mgusii na Mluhya. Wengine wamewaacha wake au waume zao nyumbani, mbali. Kiswahili ndiyo lugha inayowaunganisha: ndiyo ya nyapara, ya karani wa mizani, na ya zahanati. Kwa walio wengi si lugha ya mama, na kwa hiyo neno zito la Kiswahili hupokewa pamoja na maana iliyofunzwa kanisani, shuleni au mahakamani. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2003 miongoni mwa watu wazima wapatao 2,800 wa shamba moja la Kericho ulionyesha kwamba karibu watu 14 katika kila 100 walikuwa na virusi vya UKIMWI, na wanawake walioambukizwa walikuwa wengi zaidi kwa kiwango kuliko wanaume. Hali imebadilika tangu hapo, kwa kuwa dawa zimeenea; lakini takwimu hiyo yatosha kuonyesha kwamba suala la lugha hapa si la anasa.

Neno la kwanza la kuhakikiwa ni "zinaa", katika istilahi "magonjwa ya zinaa". Asili yake ni Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu hutaja tendo la ndoa lifanywalo nje ya ndoa. Wakristo nao walilipokea katika tafsiri za Biblia kwa maana ya dhambi. Basi istilahi hii haielezi jinsi ugonjwa unavyoambukizwa. Hueleza kosa linalodhaniwa kuwa limeuleta. Udhaifu wake hudhihirika mara moja ikijaribiwa kwa mifano. Mke aliyeambukizwa kisonono na mumewe wa ndoa amezini na nani? Mtoto mchanga aliyezaliwa na kaswende amezini lini? Istilahi isiyoweza kuwahusu wagonjwa hawa wawili bila ya kuwasingizia ina kasoro ya kimantiki, mbali na kasoro ya huruma.

Huenda ikasemwa kwamba watumiaji wamekwisha kulisahau shina la neno, kama vile Mzungu alivyosahau kwamba jina la zamani la maradhi haya katika lugha zake lilitokana na Venus, mungu wa mapenzi wa Warumi. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi. Venus hana tena mahakama wala mimbari; zinaa inayo. Neno hilo lingali likihubiriwa kila juma, na mchumaji wa chai anayelisoma mlangoni mwa zahanati amelisikia Jumapili iliyopita. Tena Wazungu wenyewe waliliacha jina lao. Kufikia mwishoni mwa karne iliyopita walikuwa wamebadili hata neno "ugonjwa" katika istilahi hiyo, wakaweka "maambukizi".

Badiliko hilo la pili lina somo kwa Kiswahili. Mgonjwa, kwa Mswahili, ni mtu anayeumwa. Jina "kisonono" lenyewe humkumbusha msikiaji kitenzi "kusonona". Lakini wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawasononi hata kidogo. Kidonda cha kwanza cha kaswende, ambacho kwa kawaida hutokea wiki tatu hivi baada ya kuambukizwa, aghalabu hakiumi, na hupona chenyewe hali vijidudu vingali mwilini. Mtu aliyekutana na mwenzake usiku mmoja wa malipo ya mshahara, kisha akaona kidonda kikija na kwenda, atasema kwa unyofu kamili: "Mimi si mgonjwa." Lugha imemruhusu kusema hivyo. Istilahi "maambukizi" ingemnyima ruhusa hiyo, kwa maana mtu aweza kuambukizwa bila ya kuugua.

Istilahi ya pili ni "kipindi cha dirisha", inayotumiwa na baadhi ya wafasiri kutaja muda baina ya kuambukizwa virusi na kuonekana kwake katika kipimo. Kipimo cha kawaida cha haraka hakitafuti virusi wenyewe. Hutafuta kingamwili, ambazo mwili huchukua wiki kadhaa kuziunda. Ndiyo sababu anayepimwa siku chache baada ya tendo na kuambiwa hana virusi hutakiwa arudi, na miezi mitatu ndiyo muda uliozoeleka wa kuthibitisha. Sasa, katika Kiswahili dirisha ni mahali pa kuchungulia. Kinachopita mbele ya dirisha huonekana. Sitiari hii basi inasema kinyume cha inachokusudia. Msikiaji makini ataelewa kwamba huu ndio wakati mwafaka wa kupimwa, na akipata jibu jema atalichukua kuwa la mwisho. Maneno ya kawaida, kama "siku za kujificha", yangemfaa zaidi, kwani kila mtu hujua kwamba kilichojificha bado kipo.

Umuhimu wa siku hizo unazidi kwa sababu ya dawa za kuzuia maambukizi ya virusi. Dawa hizo hupaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita tangu tendo, mapema iwezekanavyo, na kumezwa kwa siku 28. Anayetumia siku mbili akijiuliza kama yeye ni mzinifu amebakiwa na moja tu.

Jambo la tatu ni sarufi yenyewe. Vitenzi vinavyotumika kutaja tendo lenyewe, yaani "kujamiiana", "kukutana kimwili", "kulala na", "kutembea na", hubeba ama kiambishi cha kutendana ama kiunganishi "na". Vyote viwili huchukulia kwamba watendaji ni wawili na kwamba wako sawa. Mwezi Februari 2023 BBC ilitangaza filamu ya uchunguzi ambamo zaidi ya wanawake 70 waliofanya kazi katika mashamba ya chai nchini Kenya, eneo la Kericho likiwamo, walisema kwamba walidhulumiwa kimwili na wasimamizi wao. Mmoja alieleza kwamba aliambukizwa virusi vya UKIMWI na msimamizi aliyemshurutisha. Mwanamke wa namna hii akiulizwa katika zahanati, "Umetembea na nani?", swali limekwisha kumfanya mshirika. Kwa upande mwingine lipo neno "kubakwa", ambalo wengi huliona kuwa ni la anayevamiwa njiani usiku. Baina ya maneno hayo mawili pana pengo, na katika pengo hilo wamo wale waliokubali kwa hofu ya kukosa kazi. Swali "Je, kuna mtu aliyekuingilia, kwa hiari yako au bila hiari?" si zuri masikioni, lakini ni la haki.

Haifai kudhani kwamba lugha ya mitaani ingeyatatua yote. Mwaka 2009 kampeni moja nchini Kenya iliwahimiza watu waache "mpango wa kando", na msemo ukaenea nchi nzima, hata katika mizaha. Mwezi Machi 2013 tangazo la televisheni lililohimiza matumizi ya kondomu katika mipango ya namna hiyo liliondolewa baada ya viongozi wa dini kulalamika. Msemo huo ulishinda kwa umaarufu, lakini maana yake ina mipaka: mpango ni jambo lililopangwa. Aliyekutana na mtu mara moja, bila ya kupanga, hakusikia kwamba anaambiwa yeye.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina namna ya kutaja mambo haya bila ya kuhukumu. Jibu limo katika historia ya karibu ya lugha yenyewe. Katika miaka ya 1980, maradhi mapya yalipoingia, liliundwa neno UKIMWI, kutokana na Upungufu wa Kinga Mwilini. Neno hilo halimtaji mtendaji wala tendo. Hutaja kilichoupata mwili, na limekubaliwa kutoka pwani hadi maziwa makuu. Kwa hakika unyanyapaa haukukoma kwa sababu ya jina hilo, kwani jina haliwezi kufanya kazi ya jamii nzima. Hata hivyo jina halikuuanzisha.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu UKIMWI imekataza kumlazimisha mtu kupimwa virusi ili apate kazi, na imeilinda siri ya majibu yake. Sheria hiyo imeacha mlango wa zahanati wazi kwa hiari. Ni wajibu wa wanaoshughulika na istilahi kuhakikisha kwamba bango lililo juu ya mlango huo haliufungi tena. "Maambukizi ya kujamiiana" ni maneno mawili tu na kiunganishi chake, sawa na "magonjwa ya zinaa". Hayazidi kwa urefu wala kwa ugumu. Tofauti ni kwamba la kwanza humwambia mchumaji wa chai la kufanya, na la pili humwambia yeye ni nani.