Akiba Isiyo Akiba: Uhakiki wa Istilahi ya Nakala za Muda katika Mfumo wa Majina ya Vikoa

Utangulizi

Makala haya yanahakiki neno moja, akiba, jinsi linavyotumika kutaja majibu na data ambazo kompyuta hujiwekea kwa muda ili isizitafute upya. Matumizi hayo yamezoeleka. Katika simu za Android zilizowekwa Kiswahili, kitufe cha kuziondoa kimeandikwa "Futa akiba". Hoja ya msingi ni kwamba neno hili, licha ya ufupi na uzoefu wake, humpa mtumiaji picha iliyo kinyume na utendaji wa kitu chenyewe. Kasoro hiyo hudhihirika zaidi pale mtumiaji anapoacha vitufe na kuandika amri kwa mkono, kama inavyofanyika katika kusimamia majibu ya mfumo wa majina ya vikoa, yaani DNS.

Mahali pa kulipimia neno hilo ni Gitambi, katika wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda. Rusizi inapakana na Kongo na Burundi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha za biashara ya mpakani. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, ilhali uamuzi wa mwaka 2008 ulikuwa umekwisha kuipa Kiingereza nafasi kubwa shuleni. Katika mazingira hayo, fundi huweza kusoma amri kwa Kiingereza na kuieleza kwa Kinyarwanda au Kiswahili. Istilahi ya Kiswahili haina darasa la kuifafanua. Ni lazima ijieleze yenyewe.

Kitu kinachotajwa

DNS, ambayo Paul Mockapetris aliifafanua katika nyaraka za RFC 1034 na 1035 za Novemba 1987, hutafuta anwani ya namba inayolingana na jina la tovuti. Ili swali lilelile lisirudiwe kila mara, kompyuta hutunza jibu ililopokea. Kila jibu huja na ukomo unaohesabiwa kwa sekunde, uliopangwa na msimamizi wa kikoa: 300 ni dakika tano, 86,400 ni siku nzima. Ukomo ukifika, jibu hutupwa na swali huulizwa upya.

Ichukuliwe kwamba tovuti ya huduma za umma imehamishiwa seva nyingine asubuhi, na kompyuta ya kibanda cha huduma huko Gitambi bado ina jibu la usiku uliotangulia, lenye ukomo wa siku moja. Mteja aliyekuja kuomba cheti ataambiwa kwamba mtandao hakuna, arudi kesho. Ikiwa jibu lililopitwa na wakati limo ndani ya kompyuta hiyo, tiba ni amri moja: ipconfig /flushdns katika Windows, au resolvectl flush-caches katika mifumo ya Linux inayotumia systemd. Swali la mhakiki ni hili: je, mtu aliyeambiwa kwa Kiswahili kwamba amri hiyo "hufuta akiba" ataiandika bila woga?

Kasoro za neno akiba

Kasoro ya kwanza ni ya mpangilio. Mchezaji wa akiba huingia uwanjani wa kwanza anapotoka. Akiba ya nafaka hufunguliwa mavuno yanapokwisha. Akiba huja baadaye. Jibu la DNS lililotunzwa hutumika kwanza, kabla ya chanzo kuulizwa.

Ya pili ni ya thamani. Akiba ni mali yenyewe: fedha, chakula, askari. Ikifutwa imepotea. Jibu la DNS ni nakala, na asili yake iko kwenye seva ya mwenye kikoa. Kwa mtu anayetunza fedha zake ndani ya simu, "Futa akiba" ni maneno ya kutisha. Tena kitufe hicho hukaa jirani na kingine kinachofuta data za programu moja kwa moja. Kimoja hakina madhara makubwa, kingine kina hasara, na istilahi haimsaidii mtumiaji kuvitofautisha.

Ya tatu ni ya muda. Wahenga walisema akiba haiozi. Jibu la DNS huoza, na kuoza kwake kumepangwa tangu lilipotolewa. Mtu aliyelelewa na methali hiyo hana sababu ya kushuku kwamba akiba ndiyo inayomzuia.

Ya nne hutokana na RFC 2308 ya mwaka 1998, iliyoweka utaratibu wa kutunza hata jibu la kwamba jina halipo. Nakala ya jibu "hakuna" inaeleweka. Akiba ya kisichokuwepo haieleweki.

Tatizo la faili

Ugumu huongezeka kwa msimamizi wa seva. Katika programu ya BIND, amri rndc dumpdb -cache huandika majibu yaliyotunzwa katika faili ili yasomwe. Faili hilo likiitwa "faili la akiba", msimamizi anaweza kulifuta akidhani amemaliza kazi. Hajabadilisha kitu, kwa kuwa faili ni nakala ya nakala, na seva inaendelea kujibu kutoka kwenye kumbukumbu yake. Kinachoiondolea majibu hayo ni rndc flush, au rndc flushname kwa jina moja tu. Hapa istilahi isiyo sahihi huzaa kitendo kisicho sahihi.

Utetezi na pendekezo

Watetezi wa akiba wana hoja: neno ni fupi, ni la Kiswahili, na limeshaenea. Kutohoa na kusema kache hakuleti picha potofu, lakini hakuleti picha yoyote. Kiporo lingefaa kwa maana, kwani ni chakula kilichokwisha kupikwa, huliwa kabla ya kupika kingine, na huchacha. Hata hivyo limekwisha kubeba maana ya shughuli iliyoahirishwa, kama mechi za kiporo.

Linalopendekezwa hapa ni nakala za muda. Nakala husema kwamba asili ipo kwingine. Muda husema kwamba kuna mwisho. "Futa nakala za muda za majina" ni refu kuliko "Futa akiba", lakini humwambia fundi wa Gitambi mambo mawili anayohitaji kuyajua kabla ya kubonyeza kitufe au kuandika amri.

Hitimisho

Amri zenyewe zibaki zilivyo, maana kompyuta haizitambui zikitafsiriwa. Kinachopaswa kutafsiriwa kwa uangalifu ni maelezo yake. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya Kiswahili yanapopitisha istilahi za aina hii, kigezo kisiishie kwenye asili ya neno na urahisi wa kulitamka. Neno lipewe mtu mwenye kazi ya kutenda, kisha itazamwe anachofanya. Iwapo anasita panapotakiwa kutenda, au anafuta pasipotakiwa, kosa litafutwe kwanza katika istilahi.